Dawa Isiyonyweka Peke Yake

Kijiji kizima cha Kitahana kilimjua Sylvesta kuwa mtu wa watu, na mkewe Vestina ndiye pekee aliyejua jambo hilo linagharimu nini. Mke wa mtu wa watu hula chakula kilichopoa. Akitaka kumwambia mumewe kwamba mbuzi amekata kamba, au kwamba mtoto ana homa, sharti atume mtu kwa Bazilio, na kwa Bazilio ataambiwa ametoka sasa hivi, ameelekea kwa wengine, na kwa hao wengine ataambiwa vivyo hivyo. Sylvesta hakuwa mume mbaya, tusimsingizie. Hakuwahi kumpiga mkewe wala kumtukana, shamba lake halikuota majani, na watoto wote watano aliwapeleka shule. Ila ukimpa Vestina kazi ya kujumlisha saa zote alizowahi kukaa na mumewe wawili tu, bila mgeni mlangoni, kwa miaka ishirini na sita, asingefikisha mwezi mmoja. Na mwezi wenyewe ungekuwa wa Februari.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka tisini na tano, tena ulianza kwa adabu. Kwanza Sylvesta aliacha nyama, akasema inamlalia tumboni. Kisha akaacha maharage. Watu hawakushtuka mpaka siku ile aliyokaa kwa Bazilio, chungu cha pombe ya ndizi katikati, mrija ukamfikia, naye akaupitisha kwa jirani bila kuvuta. Huku Buha, nchi ya Waha, mtu hapitishi mrija mkavu. Mwenye chungu huonja kwanza mbele ya wote, waone ni safi, hakina sumu, na baada ya hapo asiyevuta anakuwa amesema kwa vitendo kwamba chungu kile anakitilia shaka. Ugomvi wa koo mbili umewahi kuanzia hapo. Bazilio, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi, alinuna wiki nzima kabla hajaelewa kwamba mwenzake ni mgonjwa.

Zahanati walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo. Akavimeza mwezi na nusu, na Februari ikielekea mwisho akatapika kitu cheusi mfano wa masalia ya kahawa. Kesho yake Vestina akampandisha kwenye lori la mahindi la Omary, wakashuka Kasulu jioni wakiwa na matope mpaka magotini.

Hospitali ilikuwa ya misheni, juu kilimani, imejaa mpaka barazani, maana magari kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila yalishusha wagonjwa mchana kutwa. Daktari wa upasuaji aliitwa Nurudini, mtu wa Ujiji, mchache wa maneno kama anayeyalipia. Alimwambia Vestina kwamba mumewe ana kansa ya tumbo, akampasua siku ya nne, akakata zaidi ya nusu ya tumbo na kulishona lililobaki, ambalo alisema halizidi ngumi. Kisha akaeleza yaliyosalia. Alichokiona amekitoa, asichokiona kinahitaji sindano. Sindano zenyewe ni sita, moja kila baada ya wiki tatu, na ni kali, zinaua ugonjwa na zinaua pia chembe nyeupe za damu zinazomlinda mtu. Chembe zikishuka mno hachomi. Na wengi, alisema, hawafiki sindano ya sita.

Hapo ndipo alipoingia Daktari Liang. Huyu alikuwa Mchina, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, ameazimwa kutoka kikundi cha madaktari wenzake kilichokuwa Tabora kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Kiswahili alikuwa amekiokota Tabora, na alikitumia polepole, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua jingine. Chumba chake mwisho wa ujia kilijaa masanduku ya mizizi na maganda, na manesi walikiita duka la viungo. Zamani kidogo Nurudini alikuwa akikipita chumba hicho bila kugeuza shingo. Lakini wagonjwa wawili aliokuwa amewakatia tamaa walimaliza sindano zao wakinywa mizizi ya Mchina, na mtu mchache wa maneno si lazima awe mkaidi. Wakakubaliana: kisu na sindano kwa Nurudini, chungu kwa Liang.

Liang hakumdanganya Vestina. Alimkalisha kwenye benchi akamwambia, "Dawa yangu haiui kansa. Dawa ya Nurudini inapigana. Yangu inamshika mgonjwa mkono, asianguke wakati wanapigana."

Akampa vifurushi vya karatasi ishirini na kimoja, kimoja kwa siku. Ndani mlikuwa na vipande vya mzizi wa manjano vilivyokatwa vyembamba, maganda makavu ya chungwa, tangawizi, vipande vyeupe kama makopa ya muhogo, na vitunda vyekundu vilivyokunjamana. Vilowekwe nusu saa. Vichemshwe, maji yamiminwe pembeni, vichemshwe tena kwa maji mapya, kisha maji ya kwanza na ya pili yachanganywe na kugawanywa mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni. Na visipikwe kwenye sufuria hata kidogo, bali kwenye chungu cha udongo. Vestina alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye lori. Tangu lini daktari akataka kitu ambacho yeye anacho nyumbani?

Ila kabla ya kwenda nyumbani walikaa wodini wiki tano, na hizo wiki tano ndizo zilizomharibu Vestina.

Kitahana ni mbali. Bazilio alikuja mara moja, akakaa saa moja akiogopa harufu ya spiriti, akarudi. Baada ya hapo hakuja mtu. Sylvesta, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kuamka bila kusikia sauti ya mwanamume mwenzake uani, alijikuta yuko na mkewe tu, asubuhi, mchana na jioni. Siku za kwanza alinyamaza. Kisha akaanza kuzungumza. Vestina akimnywesha uji kwa kijiko, yeye akisimulia kati ya kijiko na kijiko: mama yake alivyokufa, alivyoogopa giza mpaka akawa na ndevu, siku aliyomwona Vestina kwa mara ya kwanza nje ya kanisa ameshika viatu mkononi ili visichafuke. Akaacha kumwita Mama Kipriani kama alivyomwita tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Akamwita Vestina. Siku moja akamuuliza ni nini alichokuwa akikitaka alipokuwa msichana, kabla hajaolewa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri mpaka uji ukapoa, akasema alitaka kuliona ziwa. Amezaliwa mkoa mmoja na Tanganyika na hajawahi kuliona. Sylvesta akasema, nikipona tutakwenda Kigoma, tukae ufukweni siku nzima, mimi na wewe.

Ni dhambi kusema hivi, na Vestina hakumwambia hata padri, lakini pale kwenye mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa, kati ya vilio vya watu na harufu ya dawa, alikuwa mwanamke mwenye furaha.

Walirudi Kitahana mwezi wa tatu, sindano ya kwanza ikiwa imeshachomwa. Vestina alinunua chungu kipya, cha dawa tu, njiani, kwa wanawake wa Titye wanaopanga vyungu vyao barabarani, akakibeba magotini mpaka nyumbani. Kila alfajiri aliloweka, akachemsha, akachanganya. Nusu ya asubuhi alimnywesha mwenyewe kabla ya kwenda shamba. Nusu ya jioni aliifunika kwenye chungu na kukizungushia majivu ya moto, Sylvesta ainywe jua likianza kuinama, maana msimu ulikuwa wa kazi na mikono ya shamba ilikuwa imebaki miwili. Akirudi hukuta chungu kikavu. Alifurahi. Sindano ya pili ikapita vizuri kiasi, Sylvesta akitapika siku mbili tu.

Jambo moja lilimuuma, naye aliliweka moyoni. Walipofika nyumbani tu, Sylvesta alirudi kumwita Mama Kipriani. Hakuzungumza tena. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, anatazama njia. Vestina akirudi shamba na jembe begani hukaa karibu naye kidogo, miguu imechafuka, akingoja. Alingoja yale maneno ya wodini. Waha wana neno lao, urukumbuzi, la kumtamani mtu aliye mbali. Hakuna aliyemfundisha Vestina neno la kumtamani mtu aliye hapo hapo, hatua mbili, anatazama njia.

Mwezi wa tano walikwenda Kasulu kwa sindano ya tatu, na Nurudini hakuchoma. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka kupita kiasi, na Sylvesta alikuwa amepungua kilo tatu. "Nikimchoma leo nitamuua mimi kabla ya ugonjwa," alisema. Akatoa siku kumi na nne. Damu isipopanda kwa siku hizo, anasimamisha sindano zote, na Vestina alijua bila kuelezwa kwamba kusimamisha maana yake ni kumrudisha nyumbani akafie kitandani kwake. Nurudini akamgeukia Liang akasema, kwa sauti ya mtu anayejuta kuamini, kwamba mizizi yake safari hii haikufanya kitu.

Liang alimchukua Vestina mpaka kwenye lile duka lake la viungo akamwomba aeleze anavyopika, hatua kwa hatua. Vestina akaeleza. Muda wa kuloweka, moto, maji ya kwanza, maji ya pili, chungu. Liang akatikisa kichwa, hakuna kosa. Akasema labda ni mwili wa mzee wenyewe. Kisha akamweleza kwamba mwezi wa nane muda wake unakwisha na anarudi kwao, na hajui kama atakayekuja atakuwa mtu wa mizizi. Vestina, kwa adabu tu, akauliza kama ana mke huko. Liang akasema anaye, miaka miwili hawajaonana. "Barua inafika," alisema, "lakini inafika imezeeka."

Vestina alimwonea huruma, kisha akajihurumia yeye. Wa kwake alikuwa naye chumba kimoja, na barua haikufika kabisa.

Siku ya tatu baada ya kurudi, mpini wa jembe ulivunjika. Jua lilikuwa bado juu, lakini hakukuwa na la kufanya, Vestina akarudi nyumbani kuchukua mwingine. Kabla hajafika uani alisikia kicheko, na kilikuwa cha mumewe, ambacho alikuwa hajakisikia tangu mwaka uliopita. Aliongeza mwendo. Alipopita kona ya nyumba akaona chungu chake cha Titye kimewekwa katikati ya uwanja, na wazee wanne wamekizunguka pamoja na Sylvesta, mirija ndani. Bazilio alikuwa ndio kwanza amemaliza kuvuta, amekunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini, na wengine wanamcheka.

Hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza. Ilikuwa hivyo tangu kifurushi cha kwanza. Wazee walikuja kumjulia hali mwenzao aliyerudi kutoka kisuni, wakakuta kinywaji ndani ya nyumba. Je, mwenye nyumba anywe, wageni watazame? Kinywaji kikiwa ndani na mtu akiwa mlangoni, mtu huyo hunyweshwa, na haijalishi ni kichungu kiasi gani. Mtu anayejifungia kunywa peke yake huulizwa anaficha nini. Basi Sylvesta akaonja, akawapa mrija, wakavuta, wakakunja nyuso, na kesho yake wakarudi. Wanne kwa mmoja, kila jioni, wiki sita. Sylvesta alibakiwa na mafunda mawili matatu.

Vestina hakupiga kelele. Alikiinua chungu, akawatazama mmoja mmoja, watu aliowapikia ubwabwa wa Krismasi miaka yote.

"Mmekuwa mkinywa damu ya mume wangu," alisema. "Nendeni kwenu."

Bazilio akauweka mrija wake chini taratibu, kana kwamba ni wa glasi, na wote wakaondoka bila kuaga. Sylvesta alibaki kwenye kigoda chake, mikono katikati ya magoti. Vestina alitegemea aone aibu, au akasirike. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, "Mama Kipriani, dawa ile nikiinywa peke yangu haishuki. Ya asubuhi unayonipa, ukishatoka naitapika nyuma ya nyumba. Hii ya jioni, hicho kidogo ninachopata, kinakaa."

Sasa tusimlaumu Vestina kwa alichofanya baadaye, maana nani kati yetu asingefanya? Alisikia neno peke yangu, akaona mlango umefunguka. Kama dawa inataka mwenzi, mwenzi yupo. Shamba akaliacha. Akaoga, akavaa kitenge chake cha kanisani, na jioni ile akakaa kando ya mumewe, bega kwa bega, chungu mbele yao. Alizungumza. Alimkumbusha ya wodini, ya viatu mkononi nje ya kanisa, hata ziwa alilitaja kwa mbali. Sylvesta alikuwa mpole. Aliitikia, alivuta mrija kwa utii, akameza. Na macho yake, kila baada ya muda kidogo, yalikwenda njiani. Hazikupita dakika kumi, akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na Vestina akasikia dawa yote ikirudi.

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu alijaribu kumwimbia. Sylvesta alimwambia ana sauti nzuri, akaenda nyuma ya nyumba.

Vestina alilia jioni ile, jikoni, kitambaa mdomoni. Hakulia kwa ajili ya ugonjwa. Alilia kwa sababu alikuwa amejitoa nafsi yake yote, na hakutosha. Alimtamani yule mtu wa wodini, na sasa alianza kuelewa kwamba mtu yule alikuwepo kwa sababu tu hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Au labda si hivyo. Labda alikuwepo kweli. Hilo ndilo ambalo asingelijua kamwe, na zilikuwa zimebaki siku nane.

Asubuhi alikwenda kwa Bazilio. Alimkuta anapalilia migomba, na mzee alipomwona alivua kofia kama anayengoja hukumu. Vestina hakuomba radhi wala hakudai kuombwa. Alimwambia warudi, wote wanne, kila jioni kama zamani. Wakae. Waweke mirija chunguni. Wasivute.

Bazilio akaegemea jembe. "Shemeji," alisema, "unajua unachotuomba? Mtu nikiweka mrija kwenye chungu chake nisivute, nimemwita mchawi mbele ya uso wake. Sylvesta. Kila siku."

"Nataka aishi," Vestina akasema.

"Na akijua?"

"Asijue."

Bazilio aliivaa kofia yake, akaivua tena. Mwisho akasema atauweka wa kwake kwanza, ili wengine wasione haya.

Basi jioni ile Vestina alisimama ndani ya mlango wa jiko, mahali pa mwanamke wanaume wakiwa kwenye chungu, akatazama. Sylvesta, mwenye chungu, akaonja kwanza. Kisha wakainama. Hakuna aliyewahi kuona wazee wakifanya kazi ngumu namna ile. Bazilio aliingiza mashavu ndani mpaka mifupa ikahesabika, akameza mate yake kwa sauti, akakunja uso, akatikisa kichwa kulalamikia uchungu wa kitu ambacho hakikumgusa ulimi. Wa pili alizidisha chumvi mpaka akakohoa. Wa tatu alikuwa akifumba macho, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Vestina alitambua kwamba anasali. Mirija mikavu minne katika chungu cha rafiki yao, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaoiba kanisani. Katikati yao Sylvesta alivuta, akasimulia habari ya nguruwe pori wa mwaka wa njaa, akavuta tena, akacheka. Kivuli cha mgomba kilifika ukutani, na hakuinuka kwenda nyuma ya nyumba.

Vestina alitazama hivyo jioni mbili, nne, sita. Kifurushi chote sasa alikichemshia jioni, ya asubuhi kaiacha. Na tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, aliwaonea wivu wazee wanne wasio na meno kumi na mbili kwa jumla yao. Alikuwa amewaita yeye mwenyewe, kwa miguu yake, wamchukue mume wake.

Siku ya kumi na nne Nurudini alisoma karatasi ya maabara mara mbili. Chembe zilikuwa zimepanda. Akachoma ya tatu. "Sijui mizizi yako inafanya nini," alimwambia Liang mbele ya Vestina, "lakini iendelee." Liang akamuuliza Vestina amebadilisha nini katika upishi, na Vestina akamweleza, kwanza kwa aibu, kisha yote. Liang alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akachukua daftari lake akaandika kwa hati yao mistari mirefu, na alipomaliza hakulifunga mara moja.

Ikafuata ya nne, ya tano. Mwezi wa nane, siku tatu kabla Liang hajaondoka, Sylvesta alichomwa ya sita, akapewa vifurushi saba vya mwisho vya kufungia kazi. Mchina alimpa Vestina mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema amekwisha funga mizigo, na kwamba haogopi safari, anaogopa kufika na kukuta wamezoea kuishi bila yeye. Vestina alimtakia safari njema kwa Kiswahili na kwa Kiha.

Siku ya kifurushi cha mwisho, wazee walipokwisha kwenda, Sylvesta alimwita mkewe uani. Alikuwa ameanza kujaa mashavuni. Chungu kilikuwa kikavu mbele yake.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya pili. Bazilio hajawahi kukaa mbele ya chungu kisipungue."

Vestina akamuuliza kwa nini hakusema. Sylvesta akasema kwamba watu wanne walikuwa radhi kumtukana kila jioni ili asife, na jambo kama hilo mtu halikatishi. Macho yake yalilowa. Vestina alisimama pale, mikono ina majivu, akingoja sentensi iliyobaki, kwamba na wewe, Vestina, kwamba nimejua pia nani aliyekwenda kuwaita. Sylvesta akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Watu wema sana wale." Kisha akaomba maji ya kunawa.

Alipona, kwa kadiri ambavyo Nurudini alikubali kulitumia neno hilo. Alikula kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mwezi wa tisa alishika jembe. Mwezi wa kumi alitembea mwenyewe mpaka kwa Bazilio, na tangu siku hiyo kigoda cha mlangoni kikabaki wazi jioni. Hakunywa zaidi ya mafunda mawili, lakini alikaa na wenzake, na kicheko chake kilisikika kikivuka migomba mpaka jikoni. Watu walimpongeza Vestina kanisani. Kipriani aliandika barua kutoka Dar akasema mama wewe ni shujaa. Yeye aliitikia wote, na alikuwa na furaha kweli, asifikiriwe vingine. Kila akisikia kile kicheko alimshukuru Mungu. Chakula kikapoa.

Nurudini alikuwa amewapa kadi ya kurudi kuangaliwa, mwezi wa kumi na moja tarehe ishirini. Ni safari ya siku nzima, na hospitali ile mtu hahudumiwi siku anayofika. Watalala kwenye baraza, mkeka mmoja. Watakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka waitwe, na Kasulu Sylvesta hamjui mtu. Vestina aliifunga kadi kwenye pindo la kitenge, na akiwa peke yake jikoni aliifungua akaitazama, ingawa kusoma alisoma kwa shida. Aliomba kila jioni madaktari wakamkute mzima. Aliomba kwa moyo wote, na akimaliza kuomba alihesabu. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na mbili.